Baada ya Filamu: Maji Safi, Haki ya Mazingira na Wajibu wa Jumuiya

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani katika parokia





Tumekusanyika kuzungumzia jambo ambalo baadhi ya parokia zimekwisha kulianza na nyingine zinafikiria kulianza, yaani kuonyesha hadharani filamu za hali halisi zinazohusu maji safi na haki ya mazingira. Tunaposema filamu za hali halisi, tuna maana ya filamu zinazoonyesha watu wa kweli na mambo yaliyotukia kweli, si michezo ya kuigiza. Shuka jeupe hutundikwa ukutani, projekta ikawashwa, watoto wakaketi mbele mikekani na wazee nyuma vitini. Watu huja kwa wingi, maana sinema ya bure haikosi watazamaji.

Sisi wa Haki na Amani, hata hivyo, hatuwezi kuridhika kwa kuhesabu vichwa. Swali letu ni hili: taa zikisha kuwashwa na watu wakaenda zao, ni kitu gani kitakachobadilika kuhusu maji watakayoyachota kesho yake asubuhi? Ikiwa hakuna kitakachobadilika, tutakuwa tumewaburudisha waumini kwa mateso ya watu wengine. Kwa hiyo tunapenda mrudi makwenu na neno moja: filamu huifungua midomo ya jumuiya, lakini ukweli wa maji ya jumuiya hiyo hauwezi kuletwa na mgeni ndani ya sanduku la projekta. Ukweli huo jumuiya yenyewe haina budi kuutafuta, kuupima na kuuandika.

1. Sinema zilipokuja kutufundisha

Sinema ya kutembezwa vijijini si jambo jipya katika Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Misioni liliendesha mpango wa filamu za elimu ambao makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Filamu zilipigwa Afrika Mashariki kwenyewe, kisha zikapakiwa katika lori na kuonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda na hata nchi za kusini mwake. Ziliwafundisha watu juu ya minyoo, mmomonyoko wa udongo, kilimo na kuweka akiba. Bila shaka mengi katika hayo yalikuwa na manufaa. Lakini mpango ule ulikuwa na mwelekeo mmoja: aliyepiga filamu ndiye aliyejua, na aliyeketi chini kuitazama ndiye asiyejua. Mkulima hakuulizwa ni nani aliyemsukuma kwenye ardhi ya mteremko hata udongo wake ukamomonyoka.

Baadaye Kanisa lilijifunza njia nyingine. Tangu mwaka 1974, mpango ulioitwa DELTA uliwaandaa viongozi wa jumuiya nchini Kenya kwa kufuata mawazo ya mwalimu Mbrazili Paulo Freire. Katika njia hiyo, kiongozi huwaletea watu picha, wimbo au mchezo mfupi unaoonyesha tatizo wanalolijua, wala hawapi jibu. Huwauliza tu: Mnaona nini? Kwa nini jambo hili hutokea? Je, hutokea na kwetu? Huleta madhara gani? Chanzo chake hasa ni nini? Tufanye nini?

Filamu nayo yaweza kutumiwa kwa namna hizo mbili. Yaweza kuwa lori la mwaka 1935 lililorudi na mitambo ya kisasa, na yaweza kuwa picha ya kuanzisha mazungumzo. Mitambo haiamui itakuwa ipi kati ya hizo. Anayeamua ni yule anayesimama mbele ya watu filamu ikisha kwisha.

2. Mifano miwili

Mwaka 2004 ilitolewa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyotengenezwa na Hubert Sauper, raia wa Austria. Filamu hiyo ilipigwa Mwanza, nayo yaonyesha biashara ya sangara wa Ziwa Viktoria: minofu ikisafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, na vichwa na mifupa ikibaki kwa wenyeji. Ilipata sifa nyingi ng'ambo. Nchini Tanzania ilizusha ubishi mkali, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani. Hatukusudii leo kuamua ni nani aliyekuwa na haki katika ubishi ule. Twataka mwone jambo moja tu: watu wa ziwani walionyeshwa duniani kabla ya wao wenyewe kupata nafasi ya kuitazama sura yao na kusema kama ni yao.

Mfano wa pili ni filamu iitwayo Thank You for the Rain, ya mwaka 2017. Katika filamu hii mkulima wa Mutomo, kaunti ya Kitui, Kisilu Musya, alipewa kamera, akapiga picha za maisha ya nyumbani kwake kwa muda wa miaka kadhaa, akishirikiana na mtengenezaji wa filamu kutoka Norwei, Julia Dahr. Twaona ukame, kisha mvua ya dhoruba inayoharibu nyumba yake. Twamwona akienda kwa jirani hadi jirani kuwahimiza kupanda miti, na hatimaye akisafiri hadi Paris mwaka 2015, kwenye mkutano mkuu wa mataifa juu ya tabianchi. Mtu wa Kitui anapoitazama filamu hii humwona mwenzake akisema kwa kinywa chake mwenyewe, na yumkini atajiuliza: mbona na mimi nisiseme?

Basi mnapochagua filamu, msiulize tu kama inapendeza au kama inatoa machozi. Ulizeni pia: wanaoonyeshwa wanasema au wanasemewa? Watazamaji wetu watatoka wakiwahurumia watu wa mbali, au wakifikiri juu ya mto wao wenyewe? Filamu yenye huruma tupu humwacha mtu amekaa palepale alipokuwa.

3. Kuona: macho peke yake hayatoshi

Wengi wenu mnaifahamu njia ya Kuona, Kuamua na Kutenda, ambayo Kadinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwafundisha vijana wafanyakazi, na ambayo Papa Yohane wa XXIII aliipendekeza katika waraka wake wa mwaka 1961, Mater et Magistra. Twende kwa hatua hizo hizo.

Katika kuona, filamu ina nguvu kubwa na udhaifu mkubwa pia. Nguvu yake ni kwamba yaweza kuleta mbele yetu mto uliochafuka, samaki waliokufa, foleni ndefu ya mitungi. Udhaifu wake ni kwamba huonyesha yanayoonekana, hali sumu nyingine za maji hazionekani.

Chukueni mfano wa floraidi. Katika Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia kupitia Nakuru hadi Arusha, miamba ya volkano hutoa madini haya katika maji ya visima. Maji hayo ni meupe, hayana harufu, na pengine yana ladha nzuri. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Inapozidi kwa muda mrefu, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na inapozidi sana mifupa huathirika, hata watu wengine wakapinda miguu. Kuyachemsha maji hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki. Mama mwema anayechemsha maji ya watoto wake kwa uaminifu, kama alivyofundishwa zahanati, amewakinga na kuhara lakini hajawakinga na floraidi.

Hapa Kanisa lina mfano mzuri wa kujivunia. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianzisha kazi ya kupima maji na kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa utaratibu maalumu, ambayo huinasa floraidi. Kazi hiyo haikuanza kwa kutazama tu. Ilianza kwa kupima.

Kwa hiyo hatua ya kuona isiishie ukutani penye shuka. Baada ya filamu, kila jumuiya ichore ramani ya vyanzo vyake vya maji: kisima, chemchemi, mto, bomba, kioski. Iandike ni nani wanaotumia kila kimoja, huuzwa kwa bei gani, hukauka lini, na kilipimwa lini kwa mara ya mwisho. Mahali ambapo hakuna ajuaye kama maji yaliwahi kupimwa, hapo ndipo pa kuanzia kazi.

4. Kuamua: maji ni haki, si hisani

Katika kuamua, twalinganisha tuliyoyaona na sheria ya Mungu na sheria za nchi.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, kwa sababu uhai unayategemea, na kwamba kumnyima maskini maji ni kumnyima haki ya kuishi. Alifundisha pia kwamba panapofikiriwa mradi wenye athari kwa mazingira, wenyeji wa mahali hapo wapewe nafasi ya pekee katika mazungumzo.

Tarehe 28 Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyatambua maji na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 zilikubali, hakuna iliyopinga, na nchi 41 zilijizuia kupiga kura, Kenya na Tanzania zikiwa miongoni mwao. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 27 Agosti 2010, Kenya ilizindua Katiba yake mpya, na ibara ya 43 ikampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Ibara ya 42 yampa haki ya mazingira safi. Ibara ya 35 yampa raia haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa serikali. Na ibara ya 70 yaruhusu mtu kwenda mahakamani kuyatetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Maneno haya yafaa yasomwe katika jumuiya zetu, tena polepole. Mtu anayejua kwamba maji ni haki yake huuliza kwa sauti tofauti na yule anayedhani anaomba msaada.

Lakini kuamua kwa haki ni kuwasikiliza watu wote. Kiwanda kinachochafua mto mara nyingi ndicho kinachowalisha baadhi ya waumini wetu. Mkulima anayeuelekeza mto shambani kwake, na yule wa chini aliyekaukiwa, huenda wote wawili ni wanakwaya. Baba anayefanya kazi kiwandani akiona filamu inayomlaani mwajiri wake, atajua kwamba karo ya watoto wake imo hatarini. Msimwite msaliti. Haki ya mazingira inadai kwamba asiwekwe mtu yeyote mahali pa kuchagua kati ya mshahara na afya ya mtoto wake; na aliyemweka hapo si jirani yake, wala si yeye mwenyewe. Hilo lisemwe wazi katika mazungumzo, la sivyo filamu itaigawa jumuiya na mwenye kuchafua atabaki salama.

5. Kutenda: mfano wa Owino Uhuru

Ndugu wapendwa, kutenda huchukua muda mrefu kuliko filamu yoyote. Tuangalie yaliyotukia Owino Uhuru, mtaa wa watu maskini mjini Mombasa.

Kando ya mtaa huo kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi na maji machafu viliingia makazini. Wakazi kadhaa walikuwa wameajiriwa humo. Miongoni mwa waajiriwa alikuwa Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mchanga aliugua, akapimwa, akakutwa na risasi mwilini. Akaacha kazi, akaanza kuwahimiza wengine wapimwe. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Je, mambo yakaishia hapo? La, hasha. Kufungwa kwa kiwanda hakukuiondoa sumu iliyokwisha kuingia katika udongo na katika damu za watu. Wakazi walikwenda mahakamani. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo. Watu hawakukata tamaa, wakapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwezi Desemba 2024 iliirudisha. Tangu kiwanda kufungwa hadi uamuzi huo ilipita zaidi ya miaka kumi, na katika muda huo mtoto aliyekuwa darasa la kwanza amemaliza shule ya msingi.

Ni nini kilichowafikisha mbali hivyo? Ushujaa, ndiyo. Lakini mahakama haihukumu kwa ushujaa. Huhukumu kwa vipimo vya damu, vipimo vya udongo, barua na tarehe. Laiti watu wa Owino Uhuru wangekuwa na machozi tu, wangerudi nyumbani na machozi yao.

Maandiko nayo yatufundisha jambo hili. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, twasoma kwamba Wafilisti walivifukia kwa udongo visima vya Ibrahimu, na Isaka akavifukua. Watumishi wake walipochimba vingine, wachungaji wa Gerari wakagombana nao. Kisima kimoja Isaka akakiita Eseki, yaani ugomvi; cha pili akakiita Sitna, yaani uadui; cha tatu ambacho hakikugombaniwa akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Isaka hakuacha kisima bila jina, na majina yale yalihifadhi habari ya lililotukia. Yeye aliweza kuhama kutoka kisima hadi kisima, kwa kuwa nchi ilikuwa pana. Wengi wetu hatuna pa kuhamia. Ndiyo sababu kumbukumbu zetu hazina budi kuwa imara zaidi.

6. Maandalizi ya jioni ya filamu

Tunapendekeza mambo haya, kutokana na yale tuliyoyaeleza:

(a) Viongozi waitazame filamu kwanza peke yao, mara mbili. Waandike mahali patakapowagusa watu na mahali patakapowachanganya.

(b) Waombe kibali cha wenye filamu, na wahakikishe kwamba imekaguliwa na bodi ya nchi inayohusika na filamu, ili mkutano usije ukavunjwa kwa sababu ya karatasi.

(c) Filamu ya lugha ya kigeni ipate mfasiri. Asimame kando ya shuka, asimamishe picha kila inapobidi, na asiongeze maneno yake.

(d) Filamu fupi ya dakika ishirini na mazungumzo ya saa nzima ni bora kuliko filamu ya saa moja na nusu na watu kusinzia. Ianze mapema, wanawake na wasichana wapate kurudi nyumbani kwa usalama, maana ndio wachotaji wa maji na neno lao ndilo la kwanza kusikilizwa.

(e) Mwenye kuongoza mazungumzo aulize, asihubiri. Mkuu wa eneo au diwani akiwapo, aalikwe kusikiliza kwanza na kusema mwishoni.

(f) Mtu yeyote asipigwe picha wala asitajwe jina katika taarifa bila ridhaa yake. Anayesema juu ya mwajiri au mwenye nguvu aweza kudhuriwa baada ya sisi kwenda zetu.

(g) Kabla ya kuachana, wachaguliwe watu watatu wa kufuatilia jambo moja tu, na itangazwe siku watakayoleta habari. Jambo hilo laweza kuwa dogo: kupeleka chupa ya maji maabara, kuandika barua kwa idara ya maji ya kaunti kuomba matokeo ya vipimo, au kujiunga na chama cha watumiaji maji wa mto huo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Barua moja iliyoandikwa leo na kuwekewa nakala katika ofisi ya parokia yaweza kuwa ushahidi utakaowaokoa watoto ambao hawajazaliwa. Twawasihi msipeleke projekta mahali ambapo hamko tayari kurudi baada ya mwezi mmoja bila projekta. Mtakaporudi mikono mitupu, mkaketi na watu, mkauliza habari za ile chupa ya maji, hapo ndipo watakapoamini kwamba tulikuja kwa ajili yao.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Maji tunayotumia yatoka wapi, na yalipimwa lini kwa mara ya mwisho? Nani anayo matokeo?

2. Katika eneo letu, ni nani anayepata maji mengi na ni nani anayepata machache? Kwa nini?

3. Je, wako miongoni mwetu watu ambao riziki yao yatokana na kitu kinachochafua maji? Tutawasikilizaje na kuwasaidia?

4. Ikiwa tumekwisha kutazama filamu, ni jambo gani tuliloahidi kulifanya, na limefikia wapi?

5. Nani atatunza daftari la maji la jumuiya yetu, na litahifadhiwa wapi?